Kazi za Mikono Nyumbani: Mawe ya Mwanza Juu ya Meza

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari ya kushona nguo za watoto. Lakini imetufikia barua ambayo haifai kungoja. Kwa hiyo tumeiweka sindano kando kwa mwezi mmoja, na akina mama watuwie radhi.

Barua yenyewe yatoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa Mwanza, akaaye sasa Uingereza pamoja na mumewe na watoto wao watatu. Twaieleza kwa maneno yetu wenyewe ili asitambulikane. Mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka 13, amejifunza kwa wenzake wa shule mchezo uchezwao juu ya meza kwa visanamu vidogo vya watu wa vita. Juzi aliomba fedha anunue mawe ya plastiki ya kuweka juu ya meza hiyo, na baba yake akakasirika. Akasema maneno matatu: kwamba visanamu ni sanamu, na sanamu zimekatazwa, kwamba vita si mchezo, na kwamba yeye hajapata kumwona mtu wa Mwanza anayenunua mawe. Kisha akalitia sanduku lote kabatini, akafunga kwa ufunguo. Tangu siku ile mtoto hula chakula chake kimya, na baba vivyo hivyo, na mama amekuwa kama tarishi kati ya vyumba viwili vya nyumba moja. Atuuliza, ni yupi mwenye haki?

Sisi hatukuwekwa kuwa mahakimu wa nyumba za watu. Lakini neno la tatu la yule baba limetuchekesha, tena limetufungulia njia. Kweli, mtu wa Mwanza asinunue mawe. Ayafanye kwa mikono yake.

Wengi wenu hamjauona mchezo huu, basi tueleze kwanza. Watu wawili wakaa pande mbili za meza, kila mmoja na kikosi chake cha visanamu, ambavyo urefu wake ni kama milimita 28. Hawavisogezi katika vyumba vilivyochorwa, kama katika mchezo wa dama. Hupima mwendo kwa rula, na hutupa dadu ili kujua aliyelenga amepiga au amekosa. Ndipo yanapokuja mawe. Kisanamu kilichosimama nyuma ya jabali hakipigiki kwa urahisi, na kilichosimama wazi huanguka. Kwa hiyo mawe si pambo. Bila mawe na vilima hapana mchezo, kama vile bila mashimo hapana bao.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali ya Prussia, Bwana von Reisswitz, alimtengenezea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza yenye vipande vya kupangwa na kupanguliwa, vikionyesha nchi na mito na vilima, ili wakubwa wa jeshi wajifunze vita bila kumwaga damu. Mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, akautengeneza mchezo ule upya na kuutoa kwa chapa mwaka 1824. Mtaona kwamba tangu mwanzo ulikuwa kazi ya baba na mwana. Huko Uingereza mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akieleza jinsi yeye na rafiki zake, watu wazima, walivyolala kifudifudi sakafuni wakipigana kwa askari wa risasi na mzinga mdogo wa springi uliotupa kijiti cha mti. Vilima vyao vilikuwa mbao na vitabu vikubwa vilivyopangwa. Tangu mwaka 1983, ulipotolewa mchezo uitwao Warhammer, mambo hayo yamekuwa biashara kubwa, na mawe pia yameingia dukani.

Sasa tuyatazame maneno mawili ya kwanza ya yule baba, maana si ya kupuuzwa.

Juu ya sanamu: sisi ambao wazee wetu waliacha hirizi na matambiko kwa machozi hatuwezi kumcheka mtu aogopaye sanamu nyumbani mwake. Hofu hiyo ina mizizi ya kweli. Lakini amri ya Mungu yakataza kuifanya sanamu ili kuisujudia. Mtoto hamsujudii askari wake wa milimita 28. Akimpoteza chini ya kabati humtafuta kwa fagio. Bezaleli naye, ambaye Kitabu cha Kutoka chasema alijazwa Roho ya Mungu, alijazwa ili achonge mbao na kukata vito. Kuchonga kwenyewe hakukuwa dhambi. Lakini twasema na hili pia: katika michezo hiyo mna visanamu vya mashetani na vya watu waliochinjwa, vilivyotengenezwa kwa ustadi mwingi na busara kidogo. Vya namna hiyo sisi tusingeviweka juu ya meza ambayo jioni yake familia itasali. Baba na mwana wakae, waviangalie kimoja kimoja, wavitenge. Mtoto wa miaka 13 akiulizwa, hujua mwenyewe ni kipi kinachomtia haya mbele ya mama yake.

Juu ya vita: baba amesema kweli, na twamwomba aiseme kweli hiyo kwa urefu zaidi. Bwana Wells hakuwa mtu wa imani yetu, wala hatumtaji kama mwalimu. Lakini mwishoni mwa kitabu kile aliandika kwamba mtu akiujaribu mchezo mdogo mara chache tu, ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata, 1914, Vita Kuu vikaanza. Vita vile havikubaki Ulaya. Vilifika Tanga, vilifika Ziwani, na mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Mwanza yenyewe kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wa Kiafrika walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wakiwa na mizigo ya wenyewe vichwani, na wengi wao majina yao hayakuandikwa po pote. Kijana ajuaye kusogeza kikosi kwa rula yampasa aijue habari hiyo pia. Nani atamwambia huko Uingereza, kama si baba yake? Na atamwambia lini, ikiwa hawasemezani?

Basi, Mama, shauri letu ni hili. Usimwombe baba afungue kabati. Ufunguo mwache nao kwanza. Mwombe akusaidie kutafuta magazeti ya zamani, kisha umuulize, mbele ya mtoto, mawe ya kwao yakoje hasa.

Maana hapo ndipo kazi ianzapo. Watu wengi wafanyao mawe ya mezani hukosea, si kwa ubaya wa mikono, bali kwa kuwa hawajapata kuliangalia jiwe. Hufanya kitu cha rangi ya kijivu chenye pembe nyingi, wakaita jabali. Aliyekulia Mwanza ameyaangalia mawe tangu utoto bila kujua kwamba anajifunza. Alipanda juu yake, alianika nguo juu yake, aliteleza akachubuka magoti. Aliliona Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na ufuko, jiwe juu ya jiwe, kana kwamba mtu ameyapanga akaondoka. Elimu hiyo hainunuliki katika duka lo lote la Uingereza.

Mawe yale ni granaiti, na yaliumbika chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Mwamba ule ulipasuka kwa nyufa zilizosimama na nyufa zilizolala, ukawa kama mkate uliokatwa vipande vya miraba ungali ndani ya chombo. Maji yakaingia katika nyufa. Pembe za kila kipande, kwa kuwa zashambuliwa kutoka pande zaidi ya moja, zikaoza kwanza, na vipande vikaviringika. Kisha mvua ikachukua udongo uliooza, na mawe yakabaki wazi, mengine yamekaa juu ya wenzake kwa sehemu ndogo sana, hata mgeni huogopa kupita chini. Ukilijua hilo umekwisha kujua namna ya kulifanya: jiwe la Mwanza si mpira, wala si sanduku. Ni mkate wa boflo ambao pembe zake zimeliwa. Ubapa wa zamani waonekana bado ubavuni, na ufa ulio katika jiwe moja mara nyingi waendelea katika jirani yake, kwa sababu zamani yalikuwa mwamba mmoja.

Jambo la pili ni kipimo. Kisanamu cha milimita 28 ni mtu mzima. Basi sentimita 1 ya mezani ni kama sentimita 60 za kweli. Jiwe la sentimita 5 lamzidi mtu urefu kwa karibu mara mbili, nalo lamficha vizuri. Jiwe la sentimita 10 ni jabali la mita 6. Msifanye yote makubwa; palipo na jabali moja pana vijana wake kumi miguuni pake. Tena kumbukeni kwamba visanamu husimama juu ya vitako vya duara vyenye upana wa milimita 25 hivi: mahali pa kusimama pawe bapa, na upana wake usipungue sentimita 3, la sivyo askari wataanguka mchana kutwa na mchezo utageuka kuwa kelele.

Vifaa ni magazeti, unga wa ngano, chumvi, utepe wa karatasi watumiao wapaka rangi, kokoto chache, ubao mwembamba au kadibodi nene, gundi nyeupe ya seremala, na rangi ya maji iliyobaki ilipopakwa nyumba. Karibu vyote vimo ndani ya nyumba, au vitatupwa kesho.

Pikeni gundi kwanza. Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe viwili vya maji, korogeni maji yangali baridi ili pasiwe na madonge, kisha yapasheni moto polepole mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Tieni kijiko kimoja cha chumvi, maana huzuia kuvu. Iacheni ipoe.

Fingirisheni gazeti kuwa donge, na katikati yake mweke kokoto moja au mbili ili jiwe liwe na uzito, lisipeperuke mtu akipiga chafya. Fungeni donge kwa utepe. Sasa ligandamizeni juu ya meza, upande huu, na upande ule, mpaka lipate ubapa tatu au nne. Hapa baba asimame karibu, maana yeye ndiye atakayesema, "Hapana, hili ni chungwa," au, "Sasa limekuwa jiwe." Fanyeni ya ukubwa wa yai, ya ukubwa wa ngumi, na moja au mawili ya ukubwa wa vichwa vya watoto wachanga.

Karatasi ya kubandika iraruliwe, isikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukingo ulioraruliwa hupotea, na uliokatwa huonekana milele. Tumbukizeni ukanda katika gundi, uminyeni kati ya vidole viwili, ubandikeni. Wekeni matabaka matatu, basi. Mtoto atataka kuweka sita kwa mara moja ili amalize leo, mkatazeni. Hewa ya Uingereza ina unyevu, tena wakati wa baridi madirisha hufungwa. Matabaka mazito yakauka nje na kuoza ndani, na baada ya juma moja nyumba itanuka. Matabaka matatu, mchana mmoja na usiku mmoja karibu na kipasha-joto cha nyumba (si juu yake), kisha matatu mengine. Katika saa hizo za kungoja hapana la kufanya ila kuzungumza.

Yakikauka, yapangeni bila gundi juu ya kitako cha ubao, mkayapangue, mkayapange tena. Matatu chini na moja juu, au mawili yameegemeana na pengo jeusi kati yao. Pengo hilo msilizibe. Pimbi wangekaa humo, nao askari wa mtoto watajificha humo. Msipange mawe duara kama meno. Mkiridhika, yabandikeni kwa gundi ya seremala. Kitako kikiwa cha kadibodi, pakeni rangi pande zote mbili, kwa maana kadibodi iliyoloa upande mmoja hujikunja.

Wengi humwagia mchanga juu ya jiwe lote ili likwaruze mkono. Twaona ni vibaya. Punje ya mchanga ya milimita 1 ni sawa na jiwe la sentimita 6 kwa kipimo chetu. Jabali lililofunikwa nayo laonekana kama ukuta uliopigwa kokoto. Chekecheni majivu au vumbi laini, lichanganyeni na gundi na rangi, mpake kama siagi. Mchanga wekeni chini tu, miguuni pa mawe.

Ziko njia nyingine, nazo twazitaja pamoja na hatari zake. Wako watumiao magome ya misonobari yaliyookotwa: ni mazuri kwa miamba yenye matabaka, kama ya milima ya Ulaya, lakini si kwa granaiti yetu. Yaokeni kwanza nusu saa kwa joto la kiasi cha nyuzi 100, mtu mzima akiyaangalia, ili wadudu wafe. Wako watumiao povu gumu la plastiki, lile la buluu au la waridi wauziwalo wajenzi. Lachongeka vizuri kwa kisu, nalo halina uzito. Lakini wengi hulikata kwa waya wa moto, na moshi wake ni sumu. Asifanye hivyo mtoto, wala mtu ye yote chumbani palipofungwa madirisha. Tena rangi za kopo la kupuliza huliyeyusha povu hilo mbele ya macho yenu, likawa kama limeliwa na mchwa. Lipakeni kwanza rangi ya maji kwa brashi, mahali pote.

Ya tatu ni jasi iliyochomwa, ile ambayo hospitali hufungia mifupa iliyovunjika. Ikikorogwa na maji na kumwagwa katika karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa kisha ikafunguliwa, hutoa uso wa jiwe kama wa kweli. Wajenzi wa reli ndogo za mezani huipenda sana. Yuko Mmarekani mmoja, John Allen, aliyejenga nyumbani kwake Monterey, California, milima ya jasi iliyofika kutoka sakafuni mpaka darini, na watu wakaja kutoka mbali kuitazama. Alifariki mwezi wa Januari 1973, na siku kumi baadaye moto ukaiteketeza karibu yote. Picha zake zingali zatazamwa mpaka leo na wanaojifunza kazi hiyo. Lakini sikilizeni: jasi ikiganda hutoa joto kali, la nyuzi 60 na zaidi. Mwaka 2007, katika shule moja ya Uingereza, msichana aliitumbukiza mikono yake katika ndoo ya jasi ili apate mfano wa mikono hiyo. Iliganda, ikawa moto, haikutoka. Akapoteza karibu vidole vyake vyote. Kwa hiyo asiweko mtu, mkubwa wala mdogo, atakayetia mkono au mguu ndani ya jasi. Koroga kwa kijiti, kiasi kidogo, katika chombo cha kutupwa. Vumbi lake lisivutwe puani. Na masalio yasimwagwe katika bomba la jikoni, maana yatagandia humo.

Turudi kwa mawe yetu ya karatasi, ambayo hayamchomi mtu.

Kupaka rangi ndiko kunakolifanya karatasi kuwa jiwe. Anzeni na giza: rangi nyeusi na kahawia zikichanganywa, zipakwe kila mahali hata ndani ya mapengo. Ikikauka, chukueni kijivu chenye kahawia ndani yake, mpake juu na ubavuni, mkiacha nyufa zilivyo. Kisha ongezeni nyeupe kidogo na tone la rangi ya waridi au ya udongo, kwa sababu granaiti ya Mwanza jioni si ya kijivu tu, ina joto ndani yake. Rangi hiyo ipakwe kwa brashi kavu. Maana yake ni hii: chovya brashi, uifute katika kitambaa mpaka uone kana kwamba hamna rangi tena, halafu ipitishe juu ya jiwe kwa wepesi, kama mtu afutaye vumbi. Yatashika yale tu yaliyoinuka, na jiwe litatokea. Watoto hupiga kelele ya furaha hapo, tumewasikia.

Sasa baba akumbuke tena. Maji ya mvua hupita wapi juu ya jiwe? Huacha michirizi myeusi kutoka juu hadi chini. Ifanyeni kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa sana. Madoa yale ya kijani-kijivu yaotayo juu ya mawe kama upele yako upande gani? Yagongeni kwa ncha ya sponji. Chini ya mahali ambapo mnandi hukaa pana weupe wa mavi yao. Mtie weupe kidogo, wala msione haya. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa, yawa majani makavu yaliyokusanyika miguuni pa mawe. Nyuzi za usumba zilizochomolewa katika zulia la mlangoni, zikikatwa na kusimamishwa katika tone la gundi, ni nyasi za kiangazi hasa. Mjusi mwenye kichwa chekundu twawaachia wenye macho makali na brashi ya unywele mmoja.

Mawe haya yana kazi nyingine pia, nayo hatukuivumbua sisi. Mafundi wa Napoli, huko Italia, wajengao mapango ya Noeli tangu karne nyingi, mlima wote wa chini ambao juu yake husimama wachungaji na mamajusi waliuita "lo scoglio", yaani "mwamba". Waliujenga kwa gome la mti wa vizibo, na karatasi, na gundi, kama sisi. Mfalme Carlo wa Bourbon, aliyetawala Napoli tangu 1734 hata 1759, asemwa alipenda kufanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Na kabla yao wote, mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko alitengeneza hori penye majabali ya Greccio, pamoja na ng'ombe na punda walio hai. Huko Bethlehemu nako, kanisa la kale la Kuzaliwa kwa Bwana limejengwa juu ya pango.

Kwa hiyo Majilio yakiingia, askari na warudi sandukuni mwao, na yale majabali mawili yaliyoegemeana yapate kazi mpya: pengo lao ni pango. Ongezeni jiwe moja bapa juu, mtie majani makavu ndani. Tumepata kuona katika nyumba moja hori lililo chini ya mawe ya Mwanza, na mbuzi mahali pa kondoo, wala hatukuona kosa. Hata wachungaji walifanywa na mtoto yule yule aliyekuwa akipanga vikosi mwezi wa Oktoba, na mtu aliweza kumtambua mmoja wao kwa namna alivyosimama, kwa kuwa zamani alikuwa mpiga mishale.

Mkiisha kucheza, msirundike mawe katika mfuko. Yapangeni katika boksi la viatu, makubwa chini, na kati yake mweke vitambaa. Yakikwaruzika, rangi kidogo ya brashi kavu yatosha. Yakilowa, yaanikeni upesi kabla hayajalegea. Likioza moja, litupeni, mfanye jingine, magazeti hayaishi.

Wale walio na ubao mkubwa wa kutosha meza nzima, na watakao kujua namna ya kufanya ufuko wa ziwa ili mawe yasimame majini, watuandikie. Sindano na nguo za watoto zitarudi mwezi ujao, Mungu akipenda.